Shule, Deni na Riwaya: Ahadi Iliyovunjika Ilikuwa ya Nani?

Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1960, No Longer at Ease, inaanzia mahakamani. Obi Okonkwo, kijana wa kijiji cha Umuofia nchini Nigeria aliyesomea Uingereza, yuko kizimbani kwa kupokea hongo ya pauni 20, na hakimu anashangaa inakuwaje kijana mwenye elimu na matumaini makubwa namna ile afanye jambo kama hilo. Kurasa zote zinazofuata zinamjibu hakimu. Jibu lenyewe, ukilifuatilia, lina habari chache sana za tamaa na nyingi za hesabu. Chama cha watu wa kwao kilichanga kikamkopesha pauni 800 za kwenda kusoma. Anaporudi anapata kazi ya serikali na gari, na mara moja madai yanaanza: pauni 20 kila mwezi kurejesha mkopo, fedha za wazazi, karo ya mdogo wake, bima ya gari, kodi ya mapato, umeme. Mshahara wake unakaribia pauni 50. Ofisi anayofanyia kazi inahusika na ufadhili wa masomo, kwa hiyo hongo anazopokea zinatoka kwa watu wanaotaka kupita mlango uleule aliopitia yeye.

Ndiyo maana naona mjadala huu unafaa kuanza na Achebe. Zipo riwaya na hadithi nyingi, za Afrika na za kwingineko, ambamo mtoto wa maskini anaambiwa kwamba akisoma ataondoka katika umaskini na kuwaondoa wa kwao. Anasoma kweli, anafaulu kweli, na umaskini haubanduki. Wasomaji hugawanyika juu ya hadithi hizi. Wapo wanaosema zinatoboa ukweli ambao wazazi, walimu na wanasiasa wameamua kuufunika. Wapo wanaosema zinaisingizia elimu, zinawavunja moyo watoto wasio na njia nyingine, na tena zimeandikwa na watu ambao elimu hiyohiyo ndiyo iliyowafikisha walipo. Kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyotaka kukiri. Mimi naegemea upande wa hadithi, ila si zote, na si kwa sababu zinazotajwa mara nyingi.

Tuutazame kwanza ushahidi wa wanaozitetea. Mwaka 1973 Meja Mwangi alichapisha Kill Me Quick, kisa cha vijana wawili, Meja na Maina, wanaofika Nairobi na vyeti vyao vya sekondari wakiamini kwamba kazi inawangoja. Wanaishia kulala vichochoroni na kuokota chakula kwenye mapipa ya taka. Kibarua wanachokipata ni cha shambani, kazi ambayo haimuulizi mtu cheti. Baadaye ni wizi, polisi, jela, kutoka, na jela tena. Kinachoniuma zaidi katika kitabu hicho ni aibu. Njaa wanaizoea. Wasichokizoea ni wazo la kurudi nyumbani mikono mitupu, wasimame mbele ya wazazi waliojinyima ili wao wasome. Mtu asiyesoma akikosa kazi amekosa kazi tu. Aliyesoma akiikosa anaonekana kama mtu aliyepoteza mali ya wengine.

Mwangi hakuwa anabuni tatizo. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na katika miaka iliyofuata shule za sekondari, zikiwemo zile za harambee zilizojengwa kwa michango ya wananchi, ziliongezeka kwa kasi ambayo ajira za ofisini hazikuifikia. Mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya riwaya hiyo, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini humo. Ndiyo ripoti iliyolifanya wazo la sekta isiyo rasmi lijulikane duniani, na ilionyesha kwamba mbali na wasio na kazi kulikuwa na umati wa watu wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini. Miaka minne baadaye, 1976, mwanasosholojia Mwingereza Ronald Dore alieleza jinsi mambo yanavyoendeshwa ndani kwa ndani katika kitabu chake The Diploma Disease, akichukua mifano ya Uingereza, Japani, Sri Lanka na Kenya. Waliosoma wakizidi nafasi zilizopo, mwajiri halazimiki kuongeza nafasi. Anapandisha cheti anachodai. Ukarani uliofanywa jana na aliyemaliza shule ya msingi leo unamtaka wa sekondari, kesho utamtaka wa chuo, na faili zinazopangwa ni zilezile. Mwenye pesa anaongeza miaka ya masomo. Familia maskini, iliyokwisha kuuza cha kuuzwa ili mtoto afike darasa fulani, inafika hapo na kukuta darasa hilo halina tena thamani iliyokuwa nayo siku mtoto alipoanza.

Kwa hiyo anayesema riwaya hizi ni uzushi wa watu wenye majonzi hajaziweka karibu na historia yake.

Upande wa pili, hata hivyo, unayo silaha yake. Wachumi wamepima faida ya shule kwa miongo mingi. Uchambuzi wa George Psacharopoulos na Harry Patrinos uliochapishwa mwaka 2018 unakadiria kwamba, kwa wastani wa dunia, kila mwaka mmoja wa ziada wa shule huendana na ongezeko la kipato la takriban asilimia 9, na wanawake hufaidi kuliko wanaume. Mtu akiiweka takwimu hiyo mbele ya Obi, Meja na Maina, ana haki ya kuuliza kwa nini waandishi wamewachagua walioshindwa. Na ukiwatazama waandishi wenyewe swali linazidi uzito. Achebe alipita Chuo Kikuu cha Ibadan. Ngũgĩ wa Thiong'o alipita Makerere na Leeds. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akawa mhadhiri hapo. Kama shule isingewafungulia hao, tusingekuwa na vitabu vya kubishania.

Hoja ya waandishi kusoma inanigusa, lakini naiona inaelekea kinyume na inakotaka kutupeleka. Aliyefika ndiye aliyeona wangapi walibaki. Anajua darasa lake lilianza na wangapi, anajua nani alikuwa na akili kumzidi na sasa yuko wapi. Ushahidi wake una thamani kwa sababu hana kinyongo cha aliyefeli.

Takwimu nazo hazipingani na riwaya kama inavyodhaniwa. Makadirio ya aina hiyo hutegemea zaidi watu wenye mshahara unaoweza kurekodiwa, na Meja na Maina hawamo humo. Halafu wastani husema habari za wengi kwa pamoja, ilhali ahadi huwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja. Kubwa zaidi: asilimia 9 juu ya kipato kidogo ni kipato kidogo kilichoongezeka. Kinaweza kununua viatu na dawa, na hilo si jambo la kubeza hata kidogo. Hakiwezi kulipa deni la ukoo, kukomboa shamba la baba, kusomesha wadogo wanne na kumjengea mama nyumba. Watoto hawakuahidiwa kwamba wataishi afadhali kidogo kuliko baba zao. Waliahidiwa kwamba mmoja akisoma, wote watatoka. Ahadi hiyo ya pili ndiyo inayovunjika katika riwaya hizi, na sijaona takwimu inayoitetea.

Ngũgĩ alilionyesha hilo katika Weep Not, Child, mwaka 1964. Njoroge ndiye mtoto wa nyumba yao anayepelekwa shule. Baba yake, Ngotho, ni kibarua kwenye ardhi iliyokuwa ya ukoo wake mwenyewe kabla ya kuchukuliwa na walowezi, na sasa anamlimia Bwana Howlands. Familia nzima inamtazama Njoroge. Yeye naye anaamini kwamba siku moja elimu yake itawainua wao na hata nchi. Kisha vita vya Mau Mau vinapamba moto, anatolewa shuleni Siriana kwa mahojiano na mateso, baba anakufa, kaka wanazolewa, na kijana aliyekuwa tumaini la wengi anajikuta akiuza nguo dukani, kazi ambayo nayo inamponyoka. Wengine husoma hapa kwamba elimu imemwangusha. Mimi nasoma kwamba elimu iliombwa ifanye kazi ambayo haikuwa yake. Nyumba ile ilipoteza ardhi kwa nguvu ya sheria na bunduki, na hakuna daraja la ufaulu linalorudisha ardhi. Shule ilipewa mzigo wa kisiasa, ikabebeshwa mtoto.

Na huu ndio mstari ninaoutumia kutenganisha riwaya nzito na nyepesi katika kundi hili. Nzito inaniambia nani aliyeitoa ahadi, nani aliyeilipia, na ni nini kilichosimama nje ya lango la shule kikimngoja aliyehitimu. Nyepesi inaniambia tu kwamba msomi amefilisika, na inataka nilie.

Jambo hili halikuanzia Afrika. Katika Jude the Obscure ya Thomas Hardy, ya mwaka 1895, Jude Fawley ni fundi wa kuchonga mawe anayejifunza Kilatini na Kigiriki peke yake akitamani kuingia chuo cha mji anaouita Hardy Christminster. Mkuu wa chuo kimoja anamjibu kwa barua fupi akimshauri abaki na ufundi wake. Jude anachukua chaki na kuandika ukutani mwa chuo maneno ya Ayubu, kwamba naye ana ufahamu kama wao. Hapo tatizo liko wazi: elimu anayo, kilichokataliwa ni yeye. Miaka minne baadaye, 1899, kilianzishwa chuo cha Ruskin mjini Oxford kwa ajili ya wafanyakazi. Siwezi kusema kwamba riwaya ndiyo iliyokifungua, lakini inafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba kusimulia kushindwa ni kukubali kushindwa.

Hata Raskolnikov wa Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, katika Crime and Punishment ya mwaka 1866, anastahili nafasi katika mazungumzo haya, ingawa kwa kawaida anajadiliwa kama muuaji na mwenye dhamiri iliyochafuka. Kabla ya shoka, ni mwanafunzi wa sheria aliyeacha chuo kwa kukosa fedha. Mama yake mjane anakopa kwa dhamana ya pensheni yake ndogo ili amtumie. Dada yake, Dunya, yuko tayari kuolewa na mtu asiyempenda, kwa tumaini kwamba ndoa hiyo itamfaa kaka. Raskolnikov anaisoma barua ya mama na kuelewa kwamba masomo yake sasa yanalipiwa kwa maisha ya dada yake. Sidai kwamba hilo linaeleza mauaji. Nadai kwamba mwandishi aliona kile ambacho wengi huruka: anayeahidiwa ni mmoja, wanaolipa ni wengi, na mara nyingi ni wanawake.

Kuhusu wanawake, hapa ndipo hoja nzito kuliko zote dhidi ya riwaya za kukata tamaa inapotoka. Mhusika wa kiume anapogundua kwamba shahada haikumpa utajiri, analalamika kwamba amedanganywa. Mhusika wa kike mara nyingi anapima faida kwa kipimo kingine kabisa. Katika Une si longue lettre ya Mariama Bâ, riwaya ya Senegal ya mwaka 1979, mume wa Aissatou anaoa mke wa pili. Aissatou anaondoka na watoto wake, anarudi vitabuni, anasomea ukalimani Ufaransa, na anapata kazi kwenye ubalozi wa Senegal nchini Marekani. Shule haikumwondoa kwenye huzuni. Ilimwezesha kuondoka. Asiyesoma, katika hali ileile, angebaki hata kama moyo wake umeshatoka. Nikimsoma Aissatou, siwezi kumwambia msichana yeyote kwamba elimu ni ahadi hewa, na nadhani mwanamume anayesema hivyo kwa wepesi hajawahi kufungiwa ndani ya nyumba asiyoweza kuikimbia.

Betty Smith, katika A Tree Grows in Brooklyn ya mwaka 1943, yuko karibu na msimamo huo. Mama wa Francie anasafisha nyumba za watu, na kila usiku anahakikisha watoto wanasomewa ukurasa mmoja wa Biblia na mmoja wa Shakespeare. Mwishoni Francie anaelekea chuo kikuu. Ni kitabu kinachoamini ahadi, na hakiamini kijinga, maana kinaonyesha bei yake ukurasa baada ya ukurasa. Wanaozipenda riwaya za kushindwa huwa wanakipita kimyakimya, na hapo wanakosea.

Elena Ferrante alifanya kitu kigumu zaidi. Katika mfululizo wake wa vitabu vinne vya Napoli, kilichotangulia kikitoka mwaka 2011, aliweka wasichana wawili wa mtaa mmoja maskini, Elena na Lila, kwenye mizani moja. Elena anaruhusiwa kuendelea na masomo baada ya mwalimu wa kike kuwasukuma wazazi wake. Lila, ambaye Elena mwenyewe anakiri ana akili kumzidi, anakataliwa; anapoling'ang'ania suala hilo, baba yake fundi viatu anamtupa nje kupitia dirishani na anavunjika mkono. Elena anafika chuo kikuu Pisa na kuwa mwandishi. Lila anapita dukani, ndoani, na baadaye kiwanda cha soseji. Kwa upande mmoja ahadi imetimia: Elena ametoka. Kwa upande mwingine, mfululizo mzima ni Elena akijiuliza kama alichopewa kilikuwa haki ya mwenzake, na kama amepata kitu ambacho Lila asingekipata mara kumi kwa kichwa chake. Hakuna riwaya nyingine ninayoijua inayoyashika maneno yote mawili kwa wakati mmoja, kwamba shule inatoa na kwamba shule inachagua, bila kuliacha moja lianguke.

Aliyelichimba suala hili kwa muda mrefu zaidi, lakini, ni Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe. Nervous Conditions ilitoka mwaka 1988. Tambu, msichana wa kijijini, anaona kaka yake Nhamo akipelekwa shule na yeye akiambiwa na baba kwamba vitabu havipikiki na kumlisha mume. Anaomba mbegu, analima mahindi yake mwenyewe ili apate karo, na kaka huyohuyo anamwibia. Nhamo anapofariki, nafasi inakuwa ya Tambu, na sentensi ya kwanza ya riwaya inatangaza kwamba hakusikitika. Ni ukatili unaoeleweka: kiti kilikuwa kimoja. Msomaji anafunga kitabu hicho akiwa na hofu kidogo na matumaini mengi, kwa kuwa Tambu amepata nafasi katika shule ya masista ambako weusi ni wachache.

Kama Dangarembga angeishia hapo, upande wa elimu ungekuwa umeshinda. Hakuishia hapo. Katika The Book of Not, mwaka 2006, Tambu anafaulu kuliko wote na kikombe cha heshima anapewa msichana mzungu; baadaye anafanya kazi kwenye kampuni ya matangazo na maneno aliyoyatunga yanahesabiwa kuwa ya mwingine. Katika This Mournable Body, mwaka 2018, ni mwanamke mwenye shahada, asiye na kazi, anayekaa kwenye hosteli ya Harare ambayo umri wake umeshaipita. Miaka 30 imepita kati ya kitabu cha kwanza na cha tatu. Msichana aliyelima mahindi ili asome sasa ana kila cheti alichokitaka, na anaogopa kurudi kijijini kwa sababu ileile iliyomfanya kijana wa Meja Mwangi aogope.

Nauthamini mfululizo huu kuliko riwaya nyingi za kundi hili, na sababu yangu ni mwisho. Waandishi wengi, wakishamfikisha msomi wao ukingoni, hukimbilia kifo. Njoroge anachukua kamba, na ni mama yake anayemwahi. Watoto wa Jude wanakutwa wamekufa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu katika Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, anajiua. Kifo kinamaliza hoja kabla haijajibiwa, kwa sababu msomaji anaomboleza na haulizi tena. Tambu hafi. Anaamka kesho yake, anatafuta chumba, anapata kazi ya ualimu, anaiharibu, anaanza tena, na anafanya mambo ya aibu ili asirudi nyuma. Watu wengi ambao ahadi imewavunjikia wanaishi hivyo, na ni nadra fasihi kuwa na subira ya kukaa nao.

Lazima nimtendee Kezilahabi haki, maana Kichwamaji haisemi juu ya umaskini peke yake. Kazimoto anateswa na umbali. Hawezi tena kuzungumza na watu wa kwao, na haamini wanachoamini. Manase, msomi mwenzake aliyepanda cheo, ndiye anayempa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto. Miaka michache kabla, Machi 1967, Nyerere alikuwa ametoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni inawatenga vijana na jamii zao na kuwafanya wadhani kwamba wanasoma ili waondoke. Alitaka shule iwe na shamba na karakana, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini ambako wengi wangeishi. Kezilahabi alikuwa kijana wa kizazi hicho, na riwaya yake inaweza kusomwa kama jibu lenye mashaka: je, mtu akishatengwa, andiko la rais linaweza kumrudisha? Mzazi maskini naye alikuwa na jibu lake, na ni jibu ambalo sera hiyo haikulishinda. Hakumpeleka mtoto shule akajifunze jembe. Jembe alikuwa nalo nyumbani.

Hadithi fupi za Kiswahili za miaka ya karibuni zimelichukua suala hili na kulileta hadi chuo kikuu. Katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, wa mwaka 2016, Kenna Wasike anamsimulia Dennis Machora, mwanafunzi fukara anayependwa na Penina, binti wa matajiri. Wanahitimu, Dennis anatafuta kazi bila mafanikio, na Penina anamchoka na kumfukuza. Nina tatizo na namna hadithi hiyo inavyopima lawama. Kichwa chake, Mapenzi ya Kifaurongo, kinamtia hatiani Penina, na wanafunzi wengi wanatoka nayo wakijadili wasichana wa kitajiri. Tukio zito zaidi ni la Dennis kwenye usaili, akiwa na shahada na asiweze kuieleza kwa namna itakayompa kazi. Miaka yote ile ya uji na mikopo ilimfundisha kufaulu mitihani. Hapo ndipo ningetaka mwandishi akae.

Mtihani wa Maisha wa Eunice Kimaliro, ulio katika mkusanyiko huohuo, unagusa kidonda kilekile kutoka upande mwingine: Samueli amefeli, amemdanganya baba yake aliyetoa mali yake kwa ajili ya karo, na anataka kujitupa majini. Anaokolewa. Mkusanyiko huo ulitahiniwa kwa miaka kadhaa katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, na kila nikilifikiria hilo nasikia uzito wake. Maelfu ya vijana walisoma habari za kijana anayetaka kufa kwa sababu ya matokeo, wakijiandaa kwa mtihani ambao wazazi wao pia walikuwa wameulipia kwa kujinyima. Wapo wanaoona hilo ni hatari. Mimi naona ni heshima. Kijana huyo alijua tayari anachodaiwa. Hadithi ilimwambia kwamba kuna mtu mwingine anayejua. Ningewasihi walimu wasiishie kuorodhesha maudhui ya elimu na umaskini ubaoni. Waulize darasani nani alimwahidi Samueli nini.

Kuna hadithi zinazowekwa kwenye kapu hili kimakosa. Ridhaa, daktari katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, alitoka utotoni kwenye kubaguliwa shuleni akafika kwenye taaluma na mali, kisha ghasia za baada ya uchaguzi zikateketeza familia na nyumba yake. Elimu ilimtimizia. Kilichomvunjia ahadi ni siasa na jirani. Tukiihesabu riwaya hiyo kama ushahidi kwamba shule haisaidii, tunaiondolea serikali na wachochezi lawama yao.

Kwa jumla ya mizani yangu, basi, upande unaotetea elimu unashinda pale unapozungumzia mtu mmoja na uhuru wake, hasa mwanamke. Unashindwa pale unapotumia ushindi huo kuifunika ahadi kubwa, ya kwamba mtoto mmoja anaweza kubeba nyumba nzima kuvuka umaskini ambao haukusababishwa na ujinga wao. Riwaya zina haki ya kuikataa ahadi hiyo.

Malalamiko yangu kwa riwaya ni mengine. Karibu zote zinamfuata aliyesoma. Ferrante alimpa Lila nafasi kubwa, lakini hata yeye alimwachia Elena kalamu. Ndugu waliobaki tunawaona wakipita nyuma tu. Kamau, kaka yake Njoroge, hakupelekwa shule. Alipelekwa kujifunza useremala, na pesa za kaka zikasaidia karo ya mdogo. Ngũgĩ anatuonyesha anavyofurahi kwa ajili ya Njoroge, anavyotumaini kwamba elimu ya mmoja na ufundi wa mwingine vitawapa wote nyumba bora, na anavyokuja kuzolewa na vita. Hatuambiwi alihesabu nini kila alipokabidhi shilingi zake, wala alimwonaje mdogo wake siku aliporudi bila kitu. Dunya naye hakuulizwa, wala wadogo wa Obi. Fasihi yetu imeshatupa wasomi wengi waliovunjika. Riwaya ninayoitafuta sasa ni ile ambayo Kamau ndiye anayesimulia, na anaanza kwa kutaja kiasi alichotoa.